Jeneza Lenye Springi

Tangazo lile Meneja aliliandika mara nne kwenye meza ya jikoni. Aliliandika, akalisoma kwa sauti, akalifuta, akaanza upya. Mwishowe likasomeka hivi: "Anatafutwa mwandishi wa kujitegemea wa kuandika makala na matangazo ya karakana ya majeneza. Awe mchangamfu, lakini asiwe mchangamfu sana."

"Hapo kwenye 'sana'," alisema mumewe bila kuinua uso kwenye kikombe cha chai, "ndipo patakapotuletea maneno."

"Ndiyo tunayotafuta. Maneno."

Mume alikuwa seremala wa majeneza, na mtaa mzima ulimwita Fundi, basi. Mke alipokea wateja, alinunua mbao, alitunza vitabu na kupiga simu, hadi siku moja Fundi akamtania kwa kumwita Meneja, na jina likamganda kama gundi. Wa tatu katika nyumba ile alikuwa dada mkubwa wa Fundi, ambaye watu wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Yeye alishona vitambaa vya ndani na kupaka vanishi. Alikuwa na maumbile ya ajabu: akifurahi alilia, akihuzunika alicheka, na wafiwa wengi walikuwa wamemwangalia kwa jicho baya kabla ya kuelezwa.

Mwezi mmoja nyuma, kampuni kubwa ya mazishi ilifungua duka la vioo mkabala na hospitali. Tangu siku hiyo, aliyegonga geti la karakana alikuwa msoma mita ya maji peke yake. Majeneza matatu yalisimama ukutani yakingoja wenyewe. Juzi yake Fundi alivaa koti lake la harusi, akaenda kuomba kazi kulekule kwenye vioo. Mkubwa wa pale, kijana anayenukia manukato mpaka barabarani, akampa nafasi ya kupiga msasa.

"Kazi yako naijua, mzee, ni nzuri," alimwambia. "Lakini siku hizi mtu hanunui jeneza. Ananunua maneno. Nenda kafikirie, unijibu mwisho wa mwezi."

Fundi alirudi na koti mkononi. Miaka ishirini na sita ya kupima, kukata na kuunga, halafu apewe msasa kama mtu anayeanza leo! Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta karatasi. "Kama ni maneno," alisema, "na sisi tutayanunua."

*

Kufika saa sita mchana, watu arobaini na mmoja walikuwa wameomba. Meneja aliketi kwenye kigoda ndani ya karakana, miguu ikizama kwenye maranda, akawa anasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine kwenye simu.

"Huyu anatoza kwa neno."

"Kwa neno vipi?"

"Kila neno lina bei yake."

Fundi aliweka randa chini. "Yaani akiandika 'na', nalipa?"

"Unalipa."

"Na 'ya'?"

"Hiyo pia."

"Na 'la hasha'?" Shangazi aliuliza kutoka dirishani, sindano mdomoni. "Hiyo ni neno moja au mawili?"

"Mawili, wifi."

"Basi mwambieni akitaka kukataa, akatae kwa kifupi."

Walicheka, na kicheko kile kiliwapa nguvu, maana kilikuwa cha kwanza tangu duka la vioo lifunguliwe. Mwombaji mmoja aliuliza kama jeneza ni chakula au ni vazi. Mwingine alituma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, na katika dakika ya tisa akasikika akimfokea mtu amwachie chaja yake. Wa tatu alikuwa mtunga mashairi. Alileta sampuli iliyoanza, "Ewe safina ya mbao, mpokee msafiri asiye na mzigo." Meneja aliisoma kwa sauti. Shangazi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi sakafuni akijishika mbavu.

"Mno," alisema Fundi, aliyemjua dada yake. "Ya huzuni mno. Mteja atakuja kujinunulia mwenyewe."

Ndipo akatokea aliyejiita Kalamu ya Radi. Aliahidi makala ishirini kwa siku tatu, na viunganishi vyote bure: "na", "ya", "kwa", "lakini", hakuna kulipia. Fundi aliposikia habari ya viunganishi alijua wamempata mtu wao. Wakampigia simu, Meneja akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mimi nina swali moja tu, mama," alisema Kalamu ya Radi. "Mnayataka yawe na urefu gani?"

"Futi sita na nusu," Fundi alijibu upesi, "ila huwa tunamuuliza mwenyewe. Yaani ndugu zake."

"Sawa, mzee," ilisema simu. "Nitakadiria."

*

Makala zilifika asubuhi ya siku ya nne, zote ishirini. Meneja alisoma mistari miwili ya mwanzo ya kila moja. Zilianza vizuri: karakana yenye uzoefu wa miaka ishirini na sita, ufundi wa mkono, bei nafuu. Alizituma zote kwenye ukurasa wao mpya mtandaoni, akajifunga kitambaa cha kichwa, akaenda kununua satini ya Shangazi.

Muuza vitambaa alipima mita tatu, mkasi ukamkwama hewani. Mabega yalikuwa yanamtetemeka.

"Dada," alisema, "samahani. Hili lenye springi lipo tayari, au mpaka mtu aagize?"

"Lipi lenye springi?"

Muuza vitambaa akamgeuzia simu. Meneja alisoma amesimama, satini begani:

"Je, unaamka na maumivu ya mgongo? Tatizo si umri wako, tatizo ni jeneza lako! Majeneza yetu yana springi mia tatu zinazofuata umbo la mwili usiku kucha. Yapo ya mtu mmoja, ya wawili na ya familia. Nunua leo upate mito miwili bure. Lijaribu kwa siku thelathini. Usiporidhika lirudishe, tutakupa pesa zako bila maswali. Wateja wetu wengi wanasema kwamba tangu walale kwenye majeneza yetu, hawataki kuamka."

Hakukumbuka kama alilipia satini. Alichokumbuka ni kwamba njia nzima ya kurudi nyumbani watu walimsalimia kwa heshima iliyozidi kipimo, na baada ya kumpita walishikana mikono wasianguke.

Alipofika, Fundi alikuwa ametoka kwa muuza nyama. Muuza nyama alimpimia nusu kilo, akamuuliza kwa upole kama lile la familia hupita mlangoni au huunganishwa ndani. Simu ya karakana, iliyokaa kimya mwezi mzima, sasa haikupumua. Mwanamke mmoja alitaka la wawili, ila mumewe asijue. Mwingine alidai ameshalijaribu siku ishirini na tisa, akauliza kama kesho bado atapokelewa. Shangazi ndiye aliyezipokea, na kila mara alimjibu mpigaji kwa adabu huku akicheka kwa sauti kubwa, jambo ambalo wapigaji walilifurahia mno, wasijue kwamba moyo wake ulikuwa unavuja.

Kisha akapiga mwenye manukato. Fundi aliipokea mwenyewe.

"Mzee, habari. Ile nafasi ya msasa," alisema, akakohoa kuficha kitu, "tumeona tusubiri kwanza. Si kwa ubaya. Unajua, ni jina la kampuni."

"Asante," Fundi alisema.

Akakata simu, akarudi kwenye ubao aliokuwa akiupiga randa, akaendelea kuupiga ingawa ulikuwa umelainika tangu asubuhi. Meneja alisimama mlangoni akitazama maranda yakidondoka, mepesi kama maganda ya kitunguu. Angemwambia nini? Yeye ndiye aliyesema watanunua maneno.

Akampigia Kalamu ya Radi.

"Mama! Hongera!" sauti ilipasuka. "Watu elfu tisini wamesoma! Sijawahi kusomwa hivi tangu nianze kazi!"

"Umeandika nini wewe?"

"Kwani kuna kosa la tahajia?"

"Jeneza lina springi?"

Nyuma ya Kalamu ya Radi alisikika mtoto akikohoa, kisha mwingine akamjibu kwa kikohozi kilekile. Akasema polepole kwamba wiki iliyopita alimwandikia muuza magodoro. Kwamba ana wateja kumi na mmoja na hajawahi kumwona hata mmoja kwa macho. Kwamba pacha wake wawili walishikwa na kifua pamoja, na siku tatu zikaisha akiwa hajaandika kitu. Basi akabandika mistari miwili mipya juu ya makala za magodoro, akaiambia kompyuta: kila unapoona godoro, weka jeneza.

"Ikakubali?"

"Ikakubali, mama. Haikulalamika hata kidogo." Akavuta pumzi. "Mnataka niwarudishie pesa?"

"Unazo?"

"Sina."

Meneja alikuwa amejiandaa kumtukana. Matusi aliyapanga njia nzima kutoka dukani, tena mazuri. Lakini wale pacha wakakohoa tena, akajikuta anasema, "Wachemshie maji wavute mvuke. Tutaongea." Akakata, akajikasirikia.

*

Kesho yake asubuhi Fundi alipanda ngazi kwenda kung'oa kibao cha karakana. Alikuwa amefungua skrubu mbili na ya tatu iko njiani, teksi ikasimama chini yake. Akateremka bibi mmoja mwembamba kama ufito, mwenye fimbo, miwani na faili kwapani.

"Shuka, baba," alisema. "Nina shida na wewe, na shingo yangu haipendi kutazama juu."

Fundi akashuka, bisibisi mkononi. Bibi yule aliingia karakana bila kukaribishwa, akaketi kwenye kigoda cha Meneja, akafungua faili. Ndani mlikuwa na makala ya springi, imechapwa kwenye karatasi na kuchorwa kwa kalamu nyekundu hadi ikaonekana imepata ajali.

"Makosa thelathini na saba," alisema, "na koma sijazihesabu."

"Mama, tunaomba radhi," Meneja alianza. "Tunaiondoa leo hii—"

"Nani kakwambia uiondoe? Nimefanya kazi ya kusahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na nne. Nimesahihisha vitabu vya shule, kalenda, hotuba za wakubwa. Sijapata kuona kosa zuri kama hili. Unajua lilipitaje? Godoro na jeneza ni ngeli moja! Godoro letu, jeneza letu. Magodoro yetu, majeneza yetu. Angekuwa amemwandikia muuza vitanda, sentensi zote zingechechemea na mngeshtuka. Sarufi imewasaliti kwa kuwa sahihi."

Fundi na mkewe walitazamana. Shangazi alichungulia dirishani.

"Jana nilikuwa kitandani," bibi aliendelea. "Daktari alinipa miezi minne. Sasa miwili nimeshaitumia. Nyumbani watu wananyata, wananong'ona, hata kijiko hawakiweki mezani kwa sauti. Mjukuu wangu akasahau simu yake juu ya shuka langu. Nikasoma. Nilipofika kwenye 'hawataki kuamka' nilipiga ukelele, binti yangu akaja mbio akijua ndiyo saa imefika. Akanikuta nacheka. Tukacheka wote, wanangu, tukacheka mpaka nikaomba chakula. Nilikuwa sijaomba chakula tangu mwezi uliopita." Akagonga fimbo sakafuni. "Kwa hiyo nimekuja kununua. Nipimeni."

Fundi alishika tepu kama mtu aliyeshika nyoka. Katika miaka ishirini na sita hajawahi kumpima mtu anayemtazama. Huwaketisha ndugu, akawauliza kwa upole: alipopita mlangoni aliinama? Akisimama karibu nawe, kichwa chake kilikufikia wapi? Kutokana na hayo hukata ubao, na hajakosea.

"Leta hapa nikushikie," bibi alisema, akabana ncha ya tepu kwenye kisigino chake. "Vuta. Usiogope, siumi."

Alipokwisha kupimwa, aliuliza bei. Fundi akaitaja. Bibi akaichungulia makala yake, akageuza ukurasa, akaugeuza tena.

"Makala ishirini, na bei haimo hata kwenye moja. Nyinyi mlikuwa mnamwandikia nani?"

"Wateja," Meneja alisema.

"Mteja gani? Mtu aliyefiwa alfajiri ana maswali matatu: ni kiasi gani, litakuwa tayari lini, na nani atalileta. Hana haja ya kuambiwa kwamba mna uzoefu. Mfiwa hasomi, anatafuta." Akavua miwani. "Sina pesa za mkupuo. Lakini hizi makala nitawaandikia upya, na hilo jeneza liwe ujira wangu. Mnaonaje?"

Fundi alikuwa ameumwa na nyoka, alikuwa anaogopa ung'ongo. "Unatoza kwa neno, bibi?"

"Natoza kwa ninayoyafuta."

Fundi alifikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza katika siku mbili, meno yake yakaonekana. Akatoka nje, akapanda ngazi, akakaza skrubu zote tatu.

*

Bibi Wino, ndivyo Fundi alivyombatiza, alikuja kila siku ya pili kwa teksi ileile. Makala ishirini alizifanya sita, kisha sita akazifanya nne. Alimkalia Fundi kooni kwa maswali. Kwa nini mishikio unaikaza kwa boliti? Kwa nini ndani hamweki misumari? Nani anafunga kifuniko? Fundi, mtu ambaye mkewe alikuwa akimsemea maneno yote nyumbani, alijikuta anasema kuliko redio. Alieleza kwamba mishikio hukazwa kwa boliti kwa sababu zamani, akiwa bado anajifunza kazi, aliona mshikio ukichomoka mbele ya watoto wa marehemu, na tangu siku hiyo hulala juu ya kila jeneza yeye mwenyewe huku wanaume wanne wakilinyanyua, ndipo aseme limekwisha.

"Sema tena," Bibi Wino alisema, kalamu ikikimbia. "Unalala juu yake?"

"Juu yake. Nina kilo tisini na moja."

"Miaka yote hii unalala juu ya majeneza, na hakuna aliyeliandika hili!"

Ukurasa mpya ulianza hivi: "Ukifiwa, usije wewe. Tuma jirani, au piga simu, tutakuja sisi. Bei ni tatu na zimeandikwa hapa chini. Hazipandi usiku wala sikukuu. Jeneza huchukua siku moja na nusu, kwa sababu vanishi haiharakishwi. Kabla halijatoka, Fundi hulala juu yake na wanaume wanne hulinyanyua kwa mishikio. Ana kilo tisini na moja. Hajawahi kuanguka."

Meneja aliusoma, akainama kama anatafuta kitu kwenye maranda. Shangazi alilia machozi ya mfereji, na kila mtu akajua ni furaha.

Ugomvi ulizuka kwenye karatasi ya mwisho. Meneja alitaka habari ya springi izikwe. Bibi Wino alitaka masahihisho yachapwe, kama magazeti ya heshima yanavyofanya.

"Mama, watu wataanza upya kutucheka!"

"Hawajaacha. Tofauti ni kwamba sasa watacheka na wewe ukiwemo."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Hatimaye Fundi akasema, "Chapa." Ikachapwa:

"Masahihisho. Wiki iliyopita tulisema kwamba majeneza yetu yana springi. Hayana. Tulisema pia kuwa yapo ya familia. Hayapo, na tunawatakia familia zote maisha marefu. Ahadi ya kurudisha ndani ya siku thelathini imefutwa, ingawa hadi sasa hakuna aliyedai. Mito miwili kweli tunatoa, Shangazi ameshaishona. Tunawaomba radhi wauza magodoro."

Masahihisho yalitembea kuliko kosa. Watu walioituma ile ya kwanza kwa kejeli waliituma hii kwa upendo, na chini yake wakawekeana bei na namba ya simu. Siku ya tatu geti liligongwa. Alikuwa mtu mzima aliyefiwa na kaka yake, macho mekundu, simu mkononi. Hakuuliza habari ya uzoefu. Alisema, "Marehemu alikuwa mchekeshaji wa ukoo. Alinitumia hii juzi. Naomba huyo wa kilo tisini na moja." Fundi akalala juu ya jeneza mbele yake, wanaume wanne wakanyanyua, na yule bwana akatikisa kichwa kwa kuridhika, machozi na tabasamu vikipigania uso mmoja. Shangazi alimtazama kama mtu aliyempata ndugu.

Mwisho wa mwezi mwenye manukato alipiga simu. Alitaka kujua ni nani anayewaandikia, na kama anapatikana.

"Ni mteja wetu," Meneja alimjibu. "Anangoja."

*

Kalamu ya Radi aliletwa kwa amri ya Bibi Wino. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye masharubu yaliyochoka, na alisimama kwenye maranda akiomba radhi kwa kila mtu, hata kwa mbao. Bibi alimpa msasa na ubao, akamwambia apige mpaka aweze kuuelezea ubao ule kwa sentensi moja bila neno "bora". Ilimchukua siku nzima. Jioni alisema, "Ukipitisha mkono kutoka kichwani kwenda hadi miguuni, husikii kitu." Bibi akafuta "kwenda", akamwajiri. Kuanzia hapo aliandikia karakana kila wiki, akaacha wateja saba kati ya wale kumi na mmoja, na waliobaki alikwenda kuwaona kwa miguu yake.

Miezi minne ikapita. Ikaja ya tano na ya sita. Jeneza la Bibi Wino lilikuwa tayari siku nyingi, limefunikwa shuka ukutani, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya Fundi. Daktari alikuwa anasoma makaratasi yake na kuyarudia, akisema tu kwamba aendelee na chochote anachokifanya. Alichokuwa anakifanya Bibi ni kufuta maneno ya watu na kula wali wa Shangazi.

Mchana mmoja wa mwezi wa saba waliingia ndugu watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, viatu vimejaa vumbi la safari. Mama yao alikuwa amefariki usiku. Maziko ni kesho saa tatu asubuhi, mbali, na gari la kukodi lilikuwa nje, injini inawaka.

Fundi alivuta pumzi. "Wanangu, siku moja na nusu. Ya ukutani yote ni ya watu warefu. Nikiharakisha, vanishi itamganda."

"Tulisoma," alisema wa kiume. "Tulijua. Tukasema tuje hivyohivyo."

"Mama yenu alikuwa wa namna gani?" Meneja aliuliza.

Mkubwa wao akageuza macho, yakatua kwa Bibi Wino aliyekuwa mezani na Kalamu ya Radi. "Alikuwa kama huyu mama hapa. Mwembamba. Kichwa kinanifikia hapa begani."

Bibi Wino aliweka kalamu. Alikwenda ukutani kwa fimbo yake, akavuta shuka. Mbao ile ilimeremeta, satini ndani imekunjwa vikunjo vidogo vidogo.

"Chukueni hili."

"Lina mwenyewe?" aliuliza yule binti.

"Lilikuwa la mtu mmoja," Bibi Wino alisema. "Amechelewa."

Hawakuelewa, wala hawakuwa na haja ya kuelewa. Fundi alilala juu, wakanyanyua, Kalamu ya Radi akiwa mmoja wa wanne. Walilitia garini kwa adabu, Shangazi akaweka mito miwili. Yule wa kiume akamshika Fundi mkono kwa mikono yote miwili.

Gari lilipoanza kurudi nyuma taratibu kwenye uchochoro, Fundi alimgeukia Bibi Wino na tepu. "Basi simama nikupime upya, nianze leo."

Akampima urefu, uleule. Akazungusha tepu mabegani. Akaitazama. Akaizungusha tena, midomo ikihesabu.

"Nini?" alisema bibi.

"Bibi," Fundi alinong'ona, "umenenepa inchi mbili."

Bibi Wino aliachama. Meneja akaziba mdomo kwa kanga. Gari la wafiwa bado lilikuwa hapo getini, wale ndugu watatu wamekaa wameshikana mikono, na isingekuwa vizuri, isingekuwa vizuri hata kidogo. Kalamu ya Radi alijitia msasa mdomoni. Fundi aligeukia ukuta, mgongo wake mpana ukitikisika. Shangazi alikuwa ameshaanza kulia. Bibi Wino alijishikilia kwenye fimbo kwa mikono miwili, amevimbisha mashavu, macho yamemtoka, akilitazama gari lile likipinda polepole, likigusa tofali, likisonga mbele, likirudi tena nyuma.

Likakata kona. Hapo wakapasuka wote kwa pamoja, mpaka msoma mita ya maji, aliyekuwa nyumba ya tatu, akaacha kazi yake na kuja kuuliza kulikoni.